Kizunguzungu cha Chumba cha Mzazi

Nilitoka Voi kwa sababu ya barua ya mistari mitatu. Mdogo wangu Mwanaidi, aliyejifungua juzijuzi, aliandika: "Dada, kichwa kinanizunguka, miguu haina nguvu. Hapa wanasema chumba kina mtu. Njoo." Mimi si mwepesi wa kuamini majini, ila ni mwepesi wa kuogopa.

Ndani ya basi nilijifanya daktari: damu imepungua, hali chakula cha kutosha, au ni malaria. Tulipofika Makupa nilikuwa nimeshamponya, na mchicha wangu kapuni.

Saa sita mchana, Mji wa Kale. Mama mkwe wake, Bi Zuhura, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkunga kampima damu, yatosha. Homa hana. Panda polepole, usimshtue aliye ndani."

Sikuuliza kama alimaanisha mgonjwa.

Orofani, madirisha yalikuwa yamefungwa na nyufa zimezibwa kwa khanga, maana mzazi hulindwa na upepo siku arobaini. Uvunguni liliwaka jiko la makaa la kumpasha moto, na ubani juu yake. Mwanaidi alitabasamu bila kuinua kichwa.

"Dada yangu Salma alizalia chumba hichi," Bi Zuhura alininong'oneza. "Siku ya kumi na mbili twamkuta katulia, hana pumzi, midomo myekundu kama mla tambuu, na hakula tambuu. Aliye ndani alimpenda."

Kwa Mwanaidi, siku ya kumi na mbili ilikuwa kesho.

Bi Zuhura alishuka jikoni, nami nikaketi. Baada ya muda kitu kilinishika kisogo, taratibu, kama mkono. Magoti yakalegea. Mtoto alikuwa amelala mno. Nikasikia uvivu mtamu, sikutaka tena kuondoka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikajikokota hadi ngazini. Nikakaa hapo kitambo, mkono ukaanza kuniachia. Nikarudi ndani, ukanishika tena. Nikainama kutazama uvunguni.

Nilisukuma madirisha yote.

"Upepo!" Bi Zuhura alikuja mbio. "Mzazi akiingiwa ni upepo haponi!"

"Mama, ni makaa!"

Nilimtoa mtoto, kisha tukamburuta Mwanaidi. Akatapika. Mtoto akalia kwa nguvu, na mimi nikalia naye kwa furaha.

Jioni, daktari wa Tudor alisema hewa ya makaa haionekani wala hainuki, na chumba kikizibwa huua mtu usingizini, midomo ikabaki myekundu. Bi Zuhura alisikiliza hadi mwisho.

"Jiko la Salma niliwasha mimi," alisema. "Na nyufa niliziba mimi."

Siku ya nne tangu nifike, Mwanaidi akitembea mwenyewe, nilianza safari ya kurudi. Kizunguzungu na unyonge vina sababu nyingi. Siku hizi, kabla ya kutaja damu au homa, mimi huuliza: vinakushikia wapi, na ukitoka hapo vinakuachia?

Kutoka njiani nilitazama juu. Madirisha yalikuwa wazi. Bi Zuhura alikuwa ameketi peke yake kwenye kitanda kile, kando ya dirisha, ushungi umemwangukia mabegani, ameuacha upepo umwingie.