Ndege Aliyedonoa Kanga ya Bibi

Harufu ya mashina mabichi yaliyokatwa, yenye ukali wa mnanaa, hunisimamisha njiani mpaka leo. Niliinusa asubuhi moja ya Julai nikiwa na miaka tisa, nyuma ya nyumba tuliyopanga Champlin, huku ughaibuni, karibu na mto. Bibi, mzaa mama, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Singida. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bibi hakungoja apewe. Kwao uwanja hufagiliwa ukabaki udongo mtupu, na kichaka nyuma ya nyumba ni mwaliko wa nyoka. Sisi tulikuwa na maua mekundu yaliyonifika kifuani, yaliyopandwa na mpangaji aliyetutangulia. "Mjukuu wangu," aliniuliza, "haya majani mama yako ana kazi nayo?" Mama alikuwa zamu kazini. Mimi, macho kwenye televisheni, nikapandisha mabega. Siku hizo nilikielewa Kiswahili chote ila nilikionea aibu kukisema. Kwa Bibi, mtoto asiyekataa amekubali. Akachukua kisu cha mkate akatoka.

Nilipofika nje, yote yalikuwa chini. Juu yake, kwenye tawi la mti, kulikuwa na kiota kidogo kama kifuniko cha chupa, na ndani yake makinda mawili ya ndege mvumaji, yule wa ukubwa wa kidole gumba ambaye mabawa yake hulia kama nyuki. Nilikuwa nimemchungulia mama yao wiki nzima pamoja na jirani yetu, Bi Verna, muuguzi mzaliwa wa Dominika, kisiwa cha Karibi. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kwao wapo wavumaji wenye koo la zambarau: dume ana mdomo mfupi, jike ana mdomo mrefu uliopinda, na kila mmoja ana ua linaloupokea mdomo wake sawasawa. Kimbunga kikiyalaza maua hayo, alisema, ndege hana pa kwenda, maana pande zote ni bahari. Niliutazama mtaa wetu. Nyasi zilizonyolewa, uwanja baada ya uwanja, bila ua hata moja. Bahari yetu ilikuwa ya kijani.

Nilimfokea Bibi kwa Kiingereza, nikipunga mikono kama mabawa, naye akacheka. "Unalilia chozi? Namjua huyo. Akikosa hapa ataruka porini." Pori lipi, jamani! Chozi wa Singida, yule ndege wetu mdogo anyonyaye maua, akikosa mshubiri hupata mti mwingine, tena hutua anapokula. Huyu wa Champlin hula kila robo saa mchana kutwa. Nilijua hayo yote na sikuweza kuyasema. Ndipo mama ndege akaja. Akasimama hewani pale maua yalipokuwa, akasogea kushoto, akarudi, akapanda, akashuka. Kisha akaiendea kanga nyekundu ya Bibi iliyoanikwa kwenye kamba. Akadonoa ua lililochapwa kwenye kitambaa. Akadonoa jingine, na jingine tena. Bibi akaangusha kisu. "Yesu wangu," alisema, "anakula nguo."

"Bibi, ana watoto," nilisema. "Wawili. Pale juu. Watakufa." Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza ya Kiswahili kwake tangu afike. Alinitazama. "Na asubuhi mdomo wako ulikuwa wapi?" Aibu ile bado ninayo. Tukakimbilia ndoo. Tukachagua mashina ambayo hayajanyauka, tukayasimamisha kwenye maji chini ya tawi. Bi Verna akaleta chupa ya maji ya sukari, akaitundika. Kisha tukakaa kwenye ngazi. Mchana ukapita, ndege haonekani. Midomo miwili midogo ilichomoza kiotani, ikapanuka, ikazama. Bibi alinibana mkono mpaka vidole vikaniuma. Jua lilipoinama, yule mama ndege akaja, akanyonya maua ya ndooni, akapanda kiotani. Bibi akalia kwa furaha, nami nikalia naye. Asubuhi iliyofuata tulihesabu midomo. Ulichomoza mmoja. Tulingoja wa pili mpaka chai ikapoa.

Majuto ni mjukuu, husema watu. Bibi hakunitamkia methali hiyo hata mara moja. Alirudi Singida, na kila Julai, mpaka alipofariki, alinipigia simu kuuliza kama maua yametoka. Leo naishi Plymouth, si mbali na Champlin, na nusu ya uwanja wangu ni yale maua mekundu. Wavumaji huja bila kukosa. Kwa upande huo mambo ni mazuri kuliko zamani. Lakini nina mwana wa miaka minane anayeelewa kila ninachosema kwa Kiswahili na hanijibu. Juzi alirudi kutoka shuleni kimya, hakugusa chakula. Nikamuuliza kama kuna mtu amemuumiza. Akapandisha mabega. Nilizima jiko, nikapiga magoti mbele yake, nikayashika mabega yote mawili yasipande tena. "Niambie," nilisema. "Kwa lugha yoyote uliyo nayo, baba, lakini niambie."