Visamaki vya Maskati

Mimi hakuna tena kitu cha kunishangaza duniani. Wanaonijua watasema najivuna, na waseme. Maisha nimeyaanza kwa kubeba magunia ya watu bandarini Mkoani, na darasa la tano sikulimaliza, lakini leo ukisimama Mtambile ukauliza duka la mabati ni la nani, na lile linaloangaliana nalo ni la nani, utaambiwa jina moja. Nimeona lori langu limelala matairi juu na karafuu zimemwagika njia nzima, nami chai yangu nikaimaliza kwanza ndipo nikainuka.

Basi juzi nafungua katoni la makubadhi ya plastiki, harufu ikanipiga usoni. Mpira mpya, rangi mbichi, na kitu kama mafuta ya cherehani. Nikakaa juu ya gunia la mchele. Bi Salama, aliyekuja kununua sukari, akangoja, akangoja, mwisho akasema, "Mwenye duka, umepandwa na shetani au unafikiria kupandisha bei?"

Sikuwa na shetani. Nilikuwa kisiwani Fundo, mtoto mdogo mwenye kaptura ya kuazima, na mbele yangu baba yangu alikuwa amefunguliwa kwenye boksi.

Hayo yataka maelezo. Mimi ni mtoto wa mikarafuu. Nilizaliwa huku huku upande wa Mtambile, nikajua kupanda mkarafuu kabla sijajua kufunga vifungo vya shati. Mama alipofariki, baba akaona hawezi kutafuta riziki mtoto kambeba mgongoni. Akanipeleka kisiwani Fundo kwa kaka wa mama, Mjomba Kombo, mvuvi, kisha yeye akafuata wenzake Maskati kutafuta kazi. Ilikuwa miaka ile baada ya foleni za unga, watu wameanza kufunguliwa milango na kila nyumba ina mtu wake Uarabuni. Siku ya kuniaga alichuchumaa ufukweni, akanitia kola sawa, akasema, "Karafuu zikiiva, nakuja kukuchukua."

Maneno mazuri, lakini alinipa saa isiyo na mishale. Pale tulipokaa hapakuwa na mkarafuu hata mmoja. Nitajuaje zimeiva? Nikawa kila kikija chombo kutoka Wete najisogeza kwa abiria, nawanusa nguo zao kama paka. Wengine walinifukuza. Bibi mmoja aliniuliza kama nina njaa. Siku nyingine nguo zilikuwa na ile harufu yenyewe, kali, ya karafuu zilizoanikwa, na usiku wake silali. Asubuhi yake hakuja mtu.

Watoto wa Fundo hawakuwa wabaya, ila walikuwa na dunia yao na mimi sikuwemo. Walikwenda kuvua wawili wawili kwenye mitumbwi midogo, kila mmoja ana mwenzake tangu alipoota meno. Binamu yangu Faki, mtoto wa mjomba, alikuwa na mwenzake naye. Mie walinipa jina la Makonyo, vile vikonyo vya karafuu vinavyochambuliwa na kutupwa kando. "Makonyo, njoo utufulie maji!" wakisema, maana mtumbwi wa mmoja wao ulikuwa ukivuja na ulitaka mtu wa kuyatoa kwa upo, kile kibakuli cha kuchotea. Na mimi nilikwenda. Nilichotaka hakikuwa samaki. Nilitaka siku moja mtu aseme, "Leo Makonyo atakaa na mimi," bila ya mtumbwi kuvuja.

Njia ilikuwa moja, nayo ni kujua kuvua. Na Mjomba Kombo alikuwa na desturi yake ya kufundisha iliyonitia aibu mpaka leo nikiisimulia masikio yanawaka. Mwanafunzi hakupewa ndoana. Alipewa mshipi, ule uzi wa kuvulia, na chubwi tu, kipande cha risasi kizito cha kuzamisha, basi. Unatia majini, unapitisha mshipi juu ya kidole cha shahada, unamwambia mjomba huko chini pana nini. Mchanga unafanya hivi kidoleni, mwamba unafanya vile, majani yanavuta kidogo kisha yanaachia. Maji yakijaa mshipi unalala upande huu, yakitoka unalala ule, na yakisimama una muda mfupi tu ambao samaki wanakula kama watu wa harusi. Mpaka uyajue hayo kwa kidole, macho yamefumbwa, ndoana huioni.

Wale wengine walifunzwa hivyo wakiwa wadogo hata hawakumbuki. Mie nilikwishapita umri huo, nimekaa mtumbwini na mshipi usio na ndoana. Wakipita kando yangu wanapiga makasia polepole makusudi. "Makonyo! Umepata mchanga kilo ngapi?" "Mpimie mama mchanga wa kupikia!" Walisahau kuwa mama sina. Hawakukusudia. Lakini nilikuwa nashika mshipi huku sioni vizuri, na mjomba, mtu wa mzaha, siku hizo alikuwa akiangalia upande mwingine na kujifanya anakohoa.

Ndipo likaja boksi.

Lililetwa kutoka Maskati na mtu aliyeshuka Mkoani, likapita Wete, likavuka hadi kwetu limefungwa kwa kamba za katani na jina langu limeandikwa juu. Jina langu! Nilikuwa sijawahi kuliona limeandikwa popote ila kwenye daftari la mwalimu. Mjomba akakata kamba, kifuniko kikainuka, na hapo ndipo ile harufu ilipotoka. Ndani, kila kimoja kwenye kijumba chake, vimelala visamaki vya plastiki: chekundu, cha fedha, cha kijani chenye madoa, vina macho ya kioo na tumboni zinaning'inia ndoana za meno matatu matatu zinazong'ara. Nyumba ilijaa watoto hata mlango ukawa hauonekani. Nyuma ya kifuniko palikuwa na picha ya samaki akiruka nje ya maji, wa kijani, domo limepasuka hadi nyuma ya jicho.

"Chewa huyo," akasema Faki.

"Chewa gani ana mstari ubavuni?"

"Chewa wa Maskati, mjinga weye. Kwani wa huko watafanana na wa kwenu?"

Ikapita hivyo, chewa wa Maskati. Na siku ile ile, wenzangu, mtumbwi haukuvuja. Faki mwenyewe alisema mbele ya watu, "Kesho Makonyo atakaa na mimi." Nilipomwambia mjomba sitaki tena mshipi wa chubwi, nimeletewa vitu na baba, akakiinua kile chekundu, akakitazama machoni kama anayemuamkia mtu, akasema, "Haya bwana. Ila samaki yeye hajaambiwa kuwa baba yako ametuma."

Kulipokucha tulikwenda mimi na Faki mpaka kwenye miamba ya upande wa magharibi. Faki akachukua ndoana moja, kuukuu, ina kutu, akaitia chambo, kipande cha ngisi kinachonuka. Mimi nikafunga kile chekundu. Nikakitia majini, kikaelea. Nikafunga chubwi, kikazama, nami nikakaa kukingoja, kama mtu aliyetega mtego wa panya. Hakuna aliyeniambia kuwa vitu vile huvutwa vikatembea, na kwamba kikilala chini ni plastiki tu. Hata Faki hakujua. Yeye alikuwa anapandisha samaki aina ya changu, mmoja baada ya mwingine, wanapigapiga mikia kwenye miguu yangu. Mimi nilipovuta, meno matatu yalishika mwamba. Nikavuta zaidi, mshipi ukakatika. Nikafunga cha fedha.

"Bwana we," akasema Faki, na alisema kwa huruma, ndilo lililoniuma, "unaulisha mwamba. Chukua ngisi."

"Sitaki ngisi wako."

"Samaki wanataka."

"Basi vua weye!"

Sikuchukua. Ningechukuaje? Kuchukua kile kipande cha ngisi kulikuwa sawa na kusema baba hajui kitu. Faki alistahamili siku chache, kisha akarudi kwa mwenzake wa zamani, na mie nikawa nakwenda peke yangu kwenye mawe, boksi kwapani. Kila mara mshipi ulipokatika nilisikia kama kamba ya jahazi imefunguliwa na baba anasogea mbele kidogo zaidi, huko aliko. Nikabaki na cha kijani peke yake. Hicho nilikirudisha kwenye kijumba chake, nikafunga boksi, nikakaa nikisikiliza maji yanavyonyonya matundu ya mawe. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile, hata ukubwani nilipolala Dar es Salaam chini ya meza ya genge la mtu nisiyemjua.

Mjomba alikuja na mtumbwi, akasimama chini ya jiwe langu. Akanirushia ule mshipi wa chubwi. "Panda. Niambie chini pana nini."

Nikapanda. Safari hii nilifumba macho kwa kuwa sikutaka anione, na pengine hiyo ndiyo iliyonisaidia. Nikasikia mchanga, laini, kama kugusa unga. Nikasikia majani. Nikasikia mwamba, nikasema mwamba. "Una nini huo mwamba?" Sijui. "Basi bado." Kesho yake vile vile, na siku zilizofuata. Watoto walipita na maneno yao, lakini kidole changu kilikuwa na shughuli. Mpaka asubuhi moja maji yamesimama, chubwi ikagonga mwamba, ikateleza, ikaanguka kwenye utupu. "Mjomba! Umekwisha! Mwamba umekatika, hapa pana shimo!"

Akaacha kupiga kasia. Akachomoa ndoana kwenye kofia yake, akaitia ngisi, akafunga mwenyewe kwenye mshipi wangu. "Muulize mwenye nyumba kama yupo."

Alikuwepo. Sikumvuta alipogusa mara ya kwanza, kwa kuwa kidole kilikwishajifunza kungoja. Alipoondoka na chambo kwa uzito, nikafunga mkono, mshipi ukanikata kiganja, na chewa akapanda, wa kahawia, wa kwetu, domo hilo! Pwani walitoka watu kumtazama. Faki akambeba mkia mimi nikambeba kichwa, akatangaza njia nzima, "Kamvua Makonyo! Kamvua binamu yangu!" Tangu siku ile sikutoa maji kwenye mtumbwi wa mtu.

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa mtu mwingine.

Siku zile wa Maskati hawakuandikiwa tu barua, walitumiwa kanda. Jioni tukakusanyika mbele ya redio kaseti ya jirani, mkekani, kila mmoja aseme salamu zake. Mjomba akaanza. Na kwetu sisi, mtu akikupa kitu humwambii kuwa hakikufaa, hata akikupa viatu vya miguu miwili ya kushoto utamwambia unavivaa Idi. Mjomba akasema kwa sauti yake ya adabu, "Shemeji, mwanao hajambo. Na vile visamaki vyako, mashallah, vimefanya kazi. Kavua chewa, pwani nzima imeshangaa." Nikamtazama. Akanisukumia redio. "Sema, baba anasikia."

Mie nilikuwa na neno moja tu moyoni, karafuu zimeiva, njoo. Watu wote wananitazama, ile taa nyekundu inawaka, na kanda inazunguka. Nikasema, "Ahsante baba kwa visamaki." Kikabonyezwa kitufe.

Baba hakuja msimu ule. Likaja boksi la pili, kubwa kuliko la kwanza, ghorofa mbili. Nililiweka chini ya kitanda halijafunguliwa, na nilipokuwa na umri wa kubeba gunia nikaondoka Fundo kwenda Mkoani kujitafutia, nikajiambia baba yangu ni mtu wa kutuma vitu.

Miaka mingi baadaye Mzungu mmoja aliyekuja dukani kununua misumari aliona lile boksi la kwanza, nimetia ndani skrubu. Akacheka, akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuokota kuwa samaki wa pichani anaishi kwenye maziwa ya maji baridi, nchi za mbali, na baharini hajawahi kuingia. Nikacheka naye. Alipoondoka nikaitazama ile picha upya, na ndipo nilipomuona baba, mtu wa mikarafuu asiyepata kushika mshipi maisha yake, kasimama katika duka la Maskati lenye taa nyingi, hajui aulize nini, anatafuta kitu chochote kinachofanana na mahali alipomuacha mwanawe. Akamuona samaki mwenye domo la chewa. Kilichomjia ni mimi, si uvuvi.

Alirudi mzee, magoti yamekwisha. Sasa anakaa kwangu, na alasiri namtolea kiti kibarazani mbele ya duka. Juzi hiyo hiyo, baada ya ile harufu ya makubadhi, nilikwenda nikakaa naye. Akaniuliza mwenyewe, "Vile visamaki vyangu vilivua, eh?"

"Vilivua, baba. Pwani nzima ilishangaa."

Akafurahi, akapiga fimbo sakafuni. "Niliisikia ile kanda mpaka ikakatika. Nilikwishakuweka nauli ya kuja, msimu ule ule. Nikasema, mtoto ana furaha na vitu vyake, nitakuja mwakani, kwanza nimpelekee vingine. Nikatoa katika ile nauli. Tena mwaka huo ukawa na mambo yake."

Mimi kila kitu huuliza bei, ndiyo kazi yangu, mdomo ukauliza lile boksi la pili lilikuwa bei gani kabla sijauzuia. Naye hakufikiri hata kidogo, alikuwa nayo mdomoni miaka yote hiyo. Riyali ishirini na sita na baisa mia tano.