Mafuta ya Njano ya Naipanoi

Jirani yangu Naipanoi aliolewa hapa Karatu akitokea Ololosokwan. Mumewe, Clemensi, ni dereva wa lori la mahindi, siku nyingi yuko njiani. Mama yake Naipanoi alikuwa akimtumia kibuyu cha samli kwa kila mpita njia. Wakati wa masika samli ilikuja njano kama kiini cha yai. Wakati wa kiangazi ikaja nyeupe. Ikija njano, Naipanoi alikuwa akichungulia kibuyuni na kuniambia, "Mama Marsela, nyumbani majani yameota."

Mwaka wa themanini na nne, ukame ulipokaza, vibuyu vikakoma. Naipanoi akawa anayeyusha mafuta meupe ya dukani kwa moto mdogo, anatia manjano aliyoyatwanga mwenyewe, anachuja kwa kitambaa. Yanatoka njano kabisa. Anamtilia mwanawe Metui kwenye uji.

"Yananuka udongo," nilimtania.

"Ziba pua. Mimi nayala kwa macho."

Ndipo mama yake akaja, juu ya lori, amekonda, shuka inamzunguka mara mbili. Alisema amekuja kumwona mjukuu, kesho anarudi. Jikoni Naipanoi aliniambia kwa sauti ndogo, "Akirudi kule njaa itammaliza. Nataka abaki mpaka mvua."

Alimpelekea uji, akambembeleza. Mama alijibu kwa Kiswahili chake cha mnadani, ili na mimi nisikie, "Siwezi kuacha ng'ombe." Kisha akatazama bakuli, uji una njano juu. Uso ukafunguka.

"Kumbe huku kuna majani, mnanificha? Hii samli ya ng'ombe ameshiba. Basi nabaki. Tuma mtu kwa kaka yako Senteu, alete hapa wale waliopona."

Naipanoi alinitazama. Karatu yote ilikuwa vumbi. Hao ng'ombe wangetembea njia yote ile kuja kufa mlangoni. Nilimwinamia mwanangu anayenyonya. Neno halikuwa langu.

"Yeyo," akamwita mama yake kwa Kimaasai. "Si samli. Ni mafuta ya dukani, nimeyatia rangi. Huku hakuna majani."

Mama alichovya kidole, akalamba.

"Rangi umeipata," akasema. "Umeitia ya nini?"

"Nilikuwa nawakumbuka."

Mama aliunywa uji wote, akafuta bakuli kwa kidole.

Asubuhi lori lilipiga honi. Naipanoi aliinamisha kichwa kama mtoto, mama akakigusa kwa kiganja, ndiyo salamu yao.

"Ungenyamaza tu, ningebaki."

"Najua, yeyo."

Utingo akaita. Mama alikuwa ameshashika ubao wa lori apande. Naipanoi akasogea, akainamisha kichwa tena, kiguswe mara ya pili.