Msafiri wa Kizungu Jikoni kwa Bibi

Nilipopangiwa kufundisha Nyakakika, huko Karagwe, miaka ya themanini, nyumba za walimu zilikuwa zimejaa. Nikapewa chumba kwa bibi mmoja mjane, Mnyambo, jirani na shule. Mimi natoka Muleba, kwa hiyo Kihaya changu na Kinyambo chake vilielewana bila shida, ingawa matamshi yangu yalimchekesha.

Huko niliazima kitabu kwa padre wa parokia. Kilikuwa cha Kiingereza, kimechanika jalada, kimeandikwa na msafiri wa Kizungu aliyepita Karagwe enzi za ufalme. Nilikusudia kukitumia kwenye somo la historia. Lakini kila nikirudi saa kumi nilimkuta bibi jikoni anamenya ndizi, nami nikaanza kukaa kwenye kigoda namtafsiria.

"Anasema mvua imemchosha," nilimwambia siku ya kwanza. "Na mfalme anamchelewesha, hampi ruhusa ya kuondoka."

"Alikuja na watu wangapi?"

"Wengi. Wapagazi, askari, wapishi."

"Wote wakala?"

"Walikula, bibi."

"Ameandika nani alilima?"

Nikapekua kurasa mbele na nyuma. Alikuwa ameandika ng'ombe aliopewa, ndizi zilizoletwa, na malalamiko kwamba hazikutosha. Wakulima hawakuwamo. Bibi akaguna, akaendelea kumenya.

Basi tukaenda hivyo wiki kadhaa. Msafiri aliposifu vilima na ziwa, bibi aliridhika. "Hapo ameona vizuri." Aliposema watu wetu ni wavivu, nilisoma harakaharaka kwa aibu, kana kwamba nimeyaandika mimi.

Siku moja nikafika mahali msafiri anapoeleza alivyompima mwanamke wa jamaa ya mfalme, aliyenoneshwa kwa maziwa kama ilivyokuwa desturi. Mkono, kifua, paja, vyote kwa kipimo, kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. Nikaanza kugeuza ukurasa.

"Soma."

"Hapa si pazuri, bibi."

"Soma, mwalimu. Mimi ni mtu mzima."

Nikasoma. Nilidhani atakasirika. Akaweka kisu chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Kumbe aliandika! Bibi yangu alikuwa binti mdogo pale kwa mfalme, akibeba maziwa. Alituhadithia. Mgeni alipotoka tu, wanawake walichukua kamba ya mgomba, mmoja akajifanya yeye ndiye mgeni, wakampima pua. Wakacheka siku nyingi."

"Na yule aliyepimwa?"

Kicheko kikamwisha. "Huyo hakucheka. Bibi yangu alisema mama yule alijifunika, akakaa kimya mpaka ng'ombe waliporudi kutoka malishoni. Hilo nalo ameliandika?"

"Hapana."

Kesho yake niliwasomea wanafunzi ukurasa ule, kisha nikawasimulia habari ya bibi. Niliogopa watacheka. Hawakucheka. Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwenye mtihani tuandike ipi?" Nikawaambia waandike zote mbili, huku nikijua msahihishaji atatafuta moja tu. Jibu lile limenisumbua miaka yote.

Nilikaa kwa bibi miaka mitatu, nikahamishiwa Bukoba mjini. Tangu hapo nimesoma wasafiri wengi wa enzi ile. Nawasoma taratibu, na wakiandika kwamba wamepewa chakula, nasimama, nawaza ni shamba la nani, na mama gani alibaki kutafutia watoto kingine. Baadhi yao waliandika vizuri sana, siwezi kuwanyima hilo. Ila sijapata tena mtu wa kunikatiza kwa maswali, na napakumbuka pale jikoni, moshi ukitupalia na ndizi zikitokota na maharage.

Bibi alifariki kabla sijarudi kumsalimia. Kitabu chenyewe hatukukimaliza. Tulipofika msafiri anapofunga mizigo kuelekea kaskazini, bibi aliniambia nikifunge.

"Mwache aende zake," alisema. Akatoa bahasha kwenye pindo la kanga. "Hii imeletwa leo kutoka kwa binti yangu, aliyeolewa Kaisho. Hebu nisomee, nijue kama amejifungua salama."

Alikuwa amejifungua, mtoto wa kike. Tukaisoma ile barua mara tatu.