Shibiri Mbili na Nusu

Mimi nashona kofia za viua kwa mkono, zile za vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi, hapa Likoni, na soko la mtandaoni nililetewa na binti yangu. Alizipiga picha kofia zangu, akazipachika huko, kisha akanisomea masharti. Mnunuzi hulipa soko, si mimi. Pesa zakaa kwao mpaka mnunuzi aseme amepokea. Mzigo ni kupitia kwa ajenti wao tu. Na marufuku muuzaji na mnunuzi kupeana nambari za simu.

"Sasa nitajuaje namuuzia nani?" nikamuuliza.

"Huhitaji kujua, mama."

Alaa! Mimi nimeuza kofia tangu ujana wangu, na kila kichwa nilichokivika nakijua mpaka leo. Lakini wateja wa mlangoni walikuwa wamepungua, nikakubali.

Mteja wa kwanza wa maana aliingia siku kumi kabla ya arusi kwao. Aliniandikia kwa adabu: "Dada, nataka kofia ya baba. Ameugua muda mrefu, amekonda, kofia zake zote zamshukia machoni. Ijumaa ya wiki ijayo baada ya alasiri anamuozesha binti yake wa mwisho. Asema akikosa kofia ya kumkaa, atamweka ndugu yake awe wakili wa kuozesha, yeye abaki nyumbani."

Roho iliniuma, wallahi. Mzee apone, afikie siku ya kumuozesha kitinda mimba wake, halafu ajifiche chumbani kwa ajili ya kofia! Nikamjibu anipe kipimo cha kichwa. Akaandika nambari, soko likazigeuza nyota. Akarudia, nyota tena, na chini yake onyo kwangu mimi: kutoa mawasiliano nje ya soko kutafunga duka langu. Mashine ilidhani ni nambari ya simu. Akaandika kwa maneno, nayo yakafutwa. Nikatukana peke yangu, Mungu anisamehe.

Ndipo nikapata akili, au nilidhani nimepata. Nikamwandikia: "Pima kwa shibiri." Shibiri mashine haikuijua; jibu likapita bila nyota hata moja: "Shibiri mbili na nusu."

Nilikuwa na kofia ambayo viua vyake vyote nimevimaliza, kazi ya miezi, imebaki kuikata na kuiunga kwa kipimo. Nikatandaza kiganja changu, nikapima shibiri mbili na nusu. Kichwa kikaja kidogo kama cha mtoto wa chuo cha Kurani. Nikajiambia, maradhi humkausha mtu. Nikakata, nikaunga, Jumatatu asubuhi nikampelekea ajenti. Nilirudi nyumbani naimba.

Jumanne mume wangu, ambaye ni seremala, alikuwa ukumbini akipima ubao kwa shibiri kwa kuwa futi yake imempotea. Nikautazama ule mkono wake mkubwa kama sinia, nikasimama pale pale na mwiko mkononi. Shibiri ya nani? Mteja ananiita dada, nami nikamchukulia ni mwanamke mwenzangu, mwenye kiganja kama changu.

Nikachukua simu. "Dada, hiyo shibiri uliyopimia ni ya mkono wako?"

"Ni yangu. Lakini mimi si dada, ni mwanamume. Napakia magunia bandarini."

Yarabi! Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao. Kofia ni ndogo, imekwisha kukatwa, na soko linaniambia kwa furaha kwamba mzigo wangu umefika ghala la Nairobi.

"Nairobi kufanya nini?" mume wangu akauliza.

"Kutembea," nikamjibu kwa hasira. "Kuona mji."

Hakucheka, aliona machozi. Nikamwambia apime kichwa chake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe. Akapima mara mbili. Shibiri mbili na nusu, kamili.

Sote tukatazama msumari wa ukutani. Hapo ilitundikwa kofia yake ya Idi, niliyomshonea nusu mwaka mzima, na katika kofia zangu zote hakuna iliyoishinda ile kwa uzuri. Akasema yeye: "Chukua. Kichwa changu hakiozeshi mtu wiki hii."

Ikabaki kuifikisha. Kuuliza anwani nilikatazwa, nikauliza jambo ambalo mashine hailijui: "Nikaha msikiti gani, tuje kula pilau?" Kwetu nikaha haifichwi, na mtu hufurahi kuulizwa. Akanitajia msikiti. Uko Mtongwe! Kutoka kwangu hata tuktuk si lazima. Kofia yangu imekwenda Nairobi ili ije Mtongwe. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Ijumaa kabla ya alasiri nikajitanda buibui langu, nikaitia kofia mfukoni, nikashika njia ya msikiti ule, nikafuata sauti ya vigelegele. Nyumba ya arusi hakuna anayekuuliza wewe nani. Nikapewa kiti na soda, nikaomba niitiwe yule mtoto wa kiume anayefanya kazi bandarini. Akaja, jitu la mtu, mikono yake ikatosha kunieleza kosa langu lote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi ndiye dada wa kofia."

Akaniongoza hadi kwa baba yake. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kanzu nyeupe, na kofia yake kuukuu imemfika kwenye nyusi. Ndugu yake alikwisha kuvaa, tayari kwenda kwa niaba yake. Nikamwambia mzee ile yake iko njiani, nimemletea ya kuazima. Sheria za soko sijavunja, maana sijauza kitu. Akaivaa. Ikakaa. Akaigusa pande zote kwa vidole, polepole, kisha akamwambia ndugu yake, "Keti, bwana. Binti ni wangu."

Mume wangu alikuwa msikitini, na kofia ya dukani kichwani. Aliniambia sauti ya mzee ilitetemeka kidogo mwanzoni, lakini neno la kuozesha alilitoa waziwazi, hata wa mlangoni walilisikia.

Kofia ndogo ilifika wiki iliyofuata. Yule kijana akabonyeza kwamba amepokea, akanipa nyota tano na kuandika: "Kofia ni ndogo. Muuzaji ni mtu." Soko likaniachia pesa zangu.

Siku ya pili yake mzee akabisha hodi kwetu, amekuja kwa miguu akiulizia nyumba ya fundi wa kofia, na kofia ya mume wangu kichwani. Alipofika kizingitini akaivua ili airudishe. Kichwa kilikuwa na vipara vilivyoachwa na dawa, na mkono uliomnyooshea mume wangu kofia haukutaka kuiachia.

"Irudishe kichwani, mzee," mume wangu akasema. "Mimi nina fundi ndani."

Alipokwisha kuondoka nikakata uzi, nikamwambia mume wangu akae kitako nimpime kichwa.

"Miaka thelathini, bado hukijui?"

"Tulia," nikamwambia. "Shibiri siziamini tena."

Akatulia. Nikauzungusha uzi taratibu, nikafunga fundo, na jioni ile ile nikatoboa kiua cha kwanza.