Dirisha la Basi Ubavuni mwa Kigari

Zdislava Hrubešová alikuwa kondakta wa treni moja tu maisha yake yote, na treni yenyewe ilikuwa behewa moja. Lilikuwa jekundu, lenye magurudumu manne na injini ya dizeli tumboni, likienda na kurudi kati ya Radoňov na Hlubina. Njia ilikuwa ya kilomita ishirini na tatu, vituo kumi na kimoja. Watu wa bonde lile waliliita Kigari. Kwa miaka ishirini na saba Zdislava alikata tiketi humo. Alijua nani anashuka wapi, nani ana mimba kabla mama mkwe hajajua, na nani amepanda huku pombe ya plamu imemzidi. Wa namna hiyo aliwaombea kwa dereva, Kigari kikasimama katikati ya mashamba mahali pasipo kituo, akawashusha mwenyewe karibu na mlango wa kwao.

Njia ilipofungwa aliambiwa Kigari kimekatwakatwa kuwa chuma chakavu. Hakulia mbele ya watu. Alistaafu, mwaka uliofuata akamzika mumewe, na majira ya baridi yalipoingia akaanza kukiunda Kigari upya juu ya meza ya jikoni.

Kila kitu alikipunguza mara mia na ishirini. Mwili aliukata kwenye plastiki nyembamba, vishikio vya milango akavikunja kwa waya wa shaba alioutoa kwenye taa mbovu, na mapazia yalitoka kwenye ukosi wa blauzi yake ya zamani ya kazini. Macho yalimuuma, vidole vikamtoboka. Mara mbili alikivunja chote akaanza mwanzo. Ilimchukua majira mawili ya baridi, na kilipokamilika kilienea kwenye kiganja chake.

Hapo ndipo alipopata ujasiri wa kwenda Hlubina, kwenye klabu ya wanaounda reli ndogo. Walikutana kila Alhamisi katika ukumbi wa chini wa jengo la utamaduni, wanaume tu, wengi wao wenye mvi, na katikati ya ukumbi palikuwa na meza kubwa yenye milima, stesheni na reli za bonde lao wenyewe. Mwenyekiti alikuwa Mhandisi Otakar Vlach, mtu mrefu, mwenye adabu, aliyetunza michoro ya kila behewa kwenye majalada yaliyopangwa kwa namba.

Alivaa miwani yake ya kukuzia, akakigeuza Kigari huku na huku.

"Kazi safi," alisema. "Safi kabisa, bibi. Ila hapa umeteleza."

"Wapi?"

"Ubavu wa kushoto, dirisha la tatu. Umelifanya dogo, tena pembe zake ni za mviringo. Madirisha yote sita yanatakiwa kuwa sawa."

"Hilo ni la basi," Zdislava alijibu.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. "Jamani, basi limepanda treni!" mmoja alipiga kelele kutoka nyuma.

Zdislava alisubiri wamalize. Kisha akawaeleza kwamba majira ya baridi ya mwaka sabini na tisa msonobari uliolemewa na theluji uliangukia Kigari karibu na kituo cha Mlýnek. Hakuna aliyeumia, lakini dirisha lilikwenda na fremu yake. Karakana haikuwa na jingine. Fundi mmoja akang'oa dirisha la basi bovu lililokuwa uani, akaziba pengo kwa bati na kulifunga hapo. Lilitakiwa likae wiki mbili, likakaa mpaka njia inafungwa.

"Sisemi unadanganya," alisema Mhandisi Vlach, akigonga jalada lake. "Lakini hapa halimo. Na sheria ya klabu ni nyaraka. Tukianza kupokea kumbukumbu za watu, kila mtu ataleta ndoto zake."

"Bwana Mhandisi, huo mchoro wako umepanda Kigari mara ngapi?"

Safari hii walimcheka mwenyekiti, na masikio yakamwiva. Hata hivyo sheria ilibaki sheria. Kigari kiliwekwa kwenye rafu ya karibu na mlango, pamoja na treni za watoto za kuchezea. Zdislava alikitoa palepale, akakifunga kwenye leso na kupanda basi kurudi Radoňov, midomo ameikaza.

Hakukaa kulalamika. Dereva aliyefanya naye kazi alikuwa amekufa, na fundi pia. Picha alizokuwa nazo hazikumfaa kitu, kwa sababu vituo vyote vilikuwa upande wa kulia wa njia, na kila aliyepiga picha aliipiga kutoka kituoni. Basi akaanza kuwatembelea abiria wake, kijiji kwa kijiji, akiuliza kama kuna mwenye picha ya ule ubavu mwingine. Mlango wa nne aliogonga ulikuwa wa Květuše, mwanamke aliyepeleka mayai na mabata bukini soko la Hlubina kila Ijumaa kwa Kigari, na ambaye bado alikuwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya uwanja.

"Picha? Ya nini picha, Zdiso!" Květuše alisema, akimsukumia bakuli la supu ya viazi na uyoga. "Kiendee chenyewe ukakitazame."

"Nikiendee wapi? Kimekatwa."

"Nani kakwambia? Kiko msituni Zálesí, kwa Alois wa nyuki. Kaweka mizinga yake humo."

Kijiko cha Zdislava kilisimama njiani. "Tangu lini?"

"Tangu njia ifungwe, mama! Mimi nikidhani unajua. Si wewe uliyekuwa ukijua mambo ya bonde zima?"

Kabla ya kumaliza supu aliomba simu, akampigia Mhandisi Vlach. "Kesho asubuhi njoo unichukue na gari lako. Beba tepu ya kupimia, na uvae viatu vya matope."

"Kuna nini huko, bibi?"

"Kuna nyaraka."

Alois wa nyuki aliwapokea getini mwa shamba lake. "Kama mmefuata asali, ya msimu huu imekwisha."

"Tumefuata dirisha," alisema Zdislava.

Kigari kilikuwa nyuma ya miti ya tufaha, bila magurudumu, kimekaa juu ya magogo. Rangi nyekundu ilikuwa imepauka, na nyuki walikuwa wakitoka na kuingia pale abiria walipokuwa wakipandia. Zdislava aliupapasa mlango kwa kiganja. Kisha akamwambia Alois kwa sauti yake ya kazini, "Ubavu wa kushoto, tafadhali."

Ubavu huo ulikuwa umepigiliwa mbao dhidi ya upepo. Alois alileta mtaimbo, akaanza kuzing'oa kuanzia mbele. Dirisha la kwanza likatokea, la kawaida. La pili, la kawaida. Ubao wa tatu ulipoanguka kwenye nyasi, nyuma yake palikuwa na dirisha kubwa la mraba, sawa kabisa na mchoro wa kiwanda.

Mhandisi Vlach aligeuka akajifanya anawatazama nyuki.

"Niendelee?" Alois aliuliza.

"Endelea," alisema Zdislava, kwa sauti ndogo.

Ubao wa nne ulilia, ukaachia misumari. Na hilo hapo! Dogo, pembe za mviringo, limezungushiwa bati lililopigwa ribiti za haraka haraka, na kioo chake kizima.

Mhandisi Vlach alilipima urefu, akalipima upana, akarudia kupima. Kisha akavua kofia. "Bibi Hrubešová, nimekukosea. Nitasema hivyo Alhamisi mbele ya wote."

"Na mimi nimekosea," alisema Zdislava, akihesabu kwa kidole. "Miaka yote nilisimama nyuma. Kutoka nyuma ni la tatu. Nimeunda kama mtu anayehesabu kutoka mbele."

"Aa, ni tofauti ya sentimita moja tu kwenye modeli. Liache. Nani atajua?"

"Waliokaa hapo bado wako hai," Zdislava alimjibu.

Alikwenda nyumbani akaukata ubavu wote wa kushoto na kuuunda upya. Ilimchukua wiki tatu. Alhamisi ya kwanza aliyoupeleka, aliwaambia wanaklabu mwenyewe palipokuwa na kosa, kichwa juu, na hakuna aliyecheka.

Kwenye maonyesho ya majira ya kuchipua Kigari kilipewa reli ya katikati. Kadi yake, aliyoiandika Mhandisi Vlach kwa mkono, ilitaja vyanzo viwili: mchoro wa kiwanda, na chini yake Zdislava Hrubešová, kondakta. Watu wa bonde walikuja kwa mabasi mawili. Alois aliacha mizinga yake siku nzima. Květuše aliinama mpaka pua ikakaribia kioo cha dirisha la nne, akatangaza kwa sauti ya sokoni kwamba hapo ndipo bata bukini wake alipomdonoa mkuu wa posta.

Mhandisi Vlach alimkabidhi Zdislava kidude cha kuendeshea. Alikiondoa Kigari Radoňov taratibu, kwa mwendo uleule wa zamani, na kilipofika kituo cha kwanza akakisimamisha na kuita jina la kituo. Hakuwa amepanga kuita. Lilitoka lenyewe, kwa sauti iliyokuwa ikiishinda injini ya dizeli. Akaita cha pili, akaita Mlýnek, na mwanamke mmoja katikati ya umati akanyoosha mkono akasema, "Nashuka hapa, Bi Zdislava!" Watu wakacheka, wakapisha. Basi kila kituo kilichoitwa kikapata wa kuitikia, mpaka Hlubina.