Mapipa Kumi ya Mama Vizibo

Jua halijapasha mabati, na Mama Vizibo ameshainamia rundo la chupa, anazitenga: nyeupe huku, za rangi kule. Vizibo anavirusha kwenye ndoo bila kuangalia, wala hakosi.

Nje ya lango la uwanja huu wa kuchambulia taka yamepangwa mapipa kumi, yamepinduliwa kitako juu. Tisa meusi, moja la kijani. Wapita njia huyakalia wakinywa chai.

"Hizo ndizo taka za nchi nzima," anasema akicheka. "Ukikaa hapo, umekalia takwimu."

Wazo lilianzia kwa binti yake, karani, aliyemwonyesha kwenye simu mchoro wa takwimu za taka za taifa. Mstari wa taka ulipanda mwaka hadi mwaka. Ule wa zinazorejelezwa ulitambaa chini. Katika kila sehemu kumi, moja tu ndiyo inayorudi kiwandani.

"Mistari ile sikuielewa. Nikamwambia, mwanangu, nipe kitu ninachoweza kukishika."

Akapaka mapipa rangi, akayapanga midomo juu. Kesho yake yote yalikuwa yamejaa maganda na nepi.

"Watu walidhani tumewawekea majalala! Inzi, harufu, balaa tupu."

Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye tayari alikuwa akiwashawishi majirani wadai uwanja uhamishwe, alikuja juu. "Mama, umenimaliza! Wateja wananusa suruali kabla ya kuzijaribu!"

Uwanja ukihamishwa, Mama Vizibo na wanawake sita anaochambua nao watabaki mikono mitupu. Hakubishana. Aliyaosha mapipa, akayapindua.

Siku moja umeme ulikatika, fundi akaja kukaa juu ya lile la kijani.

"Hili mbona liko peke yake?"

"Ndilo letu, kaka. Hayo mengine yanazikwa au yanachomwa."

"Na mabaki ya vitambaa ninayotupa yamo katika lipi?"

"Hilo jeusi ulipoegemeza mguu."

Fundi aliuondoa mguu. Jioni alileta mfuko wa vipande vya vitambaa, visafi, vimefungwa vizuri.

"Sijasema nimekubali uwanja ubaki," anasisitiza leo, akiwa amelikalia pipa lilelile. "Nimesema ngoja tuone."

Majirani watakutana mwisho wa mwezi kuamua. Wakati huohuo, ndani ya kibanda, kopo la rangi ya kijani linasubiri. Nchi ikifikisha mbili katika kumi, Mama Vizibo atapaka pipa la pili.

"Binti yangu anasema mwaka huu mstari wetu umeinuka." Anaonyesha kwa ncha ya kidole. "Kidogo hivi. Brashi ilikuwa imekauka, nimeshailoweka."